MASWALI YA NYUMBANI: Mbona kisomo hukatika alfajiri?



Mwezi huu tumepokea barua mbili kutoka mkoa mmoja, nazo zauliza jambo lililo kama moja, bali majibu yake ni mawili. Ya kwanza yatoka Makambako, mji wa njia panda, pale barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma inapoachana na ile iendayo Njombe na Songea, na ambapo reli ya TAZARA yapita tangu mwaka 1976. Ya pili yatoka Njombe mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka hapo. Twazijibu pamoja, kwani atakayesoma moja na kuiacha nyingine aweza kuutibu ugonjwa huu kwa dawa ya ule, na hasara yake si ndogo.

SWALI LA KWANZA

"Mimi ni kijana wa miaka 19, nakaa Makambako. Nyumbani tuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3 na diski ya kuzunguka iliyoungwa nayo kwa waya wa USB. Nimetia humo programu ya Lyrion Music Server, na katika diski mna visomo vya Kurani Tukufu vya makarii watano, aya mbalimbali kila moja na faili lake, pamoja na kaswida na mawaidha. Bibi yetu macho yamempungukia, hawezi tena kusoma msahafu, na kila alfajiri mimi humfungulia kisomo. Lakini ikifika saa kumi na moja kisomo hukatika katikati, hunyamaza, huendelea, kisha hukatika tena, kwa muda wa nusu saa hivi. Upekuzi wa maktaba nimeupangia saa nane ya usiku, watu wakiwa wamelala, basi huo sio sababu. Nimebadilisha ruta na hali ni ile ile. Bibi amesema chombo hiki hakina adabu na kisomo, nikiondoe, anunuliwe redio. Nifanyeje?"

JIBU

Mwanangu, bibi yako ana haki kukasirika. Wajuao tajwidi watambua kuwa kusimama mahali pasipo pa kusimama kwaweza kuiharibu maana, na chombo kisichojua aya husimama popote. Lakini kabla hujakiondoa, tazama saa uliyotutajia, kwani saa hiyo ndiyo shahidi wa kwanza.

Umesema upekuzi umeupangia saa nane ya usiku, na kisomo hukatika saa kumi na moja ya alfajiri. Kati ya saa hizo mbili mna saa tatu kamili, na saa zetu za Afrika Mashariki zaitangulia saa ya Greenwich kwa saa tatu kamili vilevile. Kompyuta nyingi za namna hii humfikia mnunuzi zikiwa zimewekwa katika saa ya Uingereza au ya Greenwich, na mwenyewe asipobadilisha hubaki hivyo. Basi itakapofika kwako saa kumi na moja ya alfajiri, mashine yako yahesabu kuwa ni saa nane ya usiku, ikaamka kufanya ulichoiamuru. Imekutii, ila imekutii kwa saa ya nchi nyingine.

Wapo na wengine ambao hukosea kwa njia iliyo karibu na hiyo. Mtu akusudia saa nane ya usiku, akaandika tarakimu 8, na kompyuta ikafahamu saa mbili ya asubuhi, kwani yenyewe huhesabu kuanzia usiku wa manane. Saa nane ya usiku huandikwa 02:00, na saa kumi na moja ya alfajiri 05:00. Tena Raspberry Pi za kabla ya ile ya tano hazina saa ya kuendelea kuhesabu umeme unapokatika. Zikiwaka bila intaneti huanza na wakati zilioukumbuka mwisho, na hapo upekuzi wa usiku waweza kuangukia wakati wa Magharibi.

Usitegemee maneno yetu tu, bali hakikisha. Fungua mahali pa kuandikia amri, uandike timedatectl, nawe utaona saa ambayo mashine yaihesabu na eneo lake. Ikiwa si la kwetu, iamuru hivi: sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam. Kisha fanya jaribio la pili. Mchana, bibi akiwa amepumzika, fungulia kisomo, kiache dakika kumi bila upekuzi. Halafu uanzishe upekuzi kwa mkono wako, usikilize. Kikikatika wakati wa upekuzi na kutulia baada yake, umempata mwenye kosa. Kikikatika hata bila upekuzi, hapo ndipo utafute katika ruta, waya na spika. Kijana aliyenunua ruta kabla ya jaribio hili ametoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Kwa nini upekuzi wazuia sauti?

Huenda ukauliza: kompyuta iwezayo kazi nyingi yashindwaje kusoma Kurani na kupekua maktaba kwa pamoja? Hesabu itakujibu. Sauti iliyobanwa kwa kiasi cha kilobiti 128 kwa sekunde yahitaji baiti 16,000 tu kila sekunde. Diski isomayo mfululizo huweza kutoa zaidi ya hizo mara elfu kadhaa. Kwa hiyo nguvu si haba. Kinachokosekana ni zamu.

Diski yako ina sahani izungukayo na mkono usomao, mfano wa santuri ya wazee wetu, ila mkono huu huruka huku na huku. Diski nyingi za nyumbani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kila iombwapo faili jipya, mkono hauna budi kwenda mahali pake, kisha ungoje sahani izunguke mpaka faili lipite chini yake. Safari na kungoja huchukua, kwa kadiri, milisekunde 17, yaani safari zipatazo 60 kwa sekunde, wala si zaidi. Upekuzi huziomba safari hizo zote kwa ajili yake, na kisomo cha bibi husimama nyuma katika foleni.

Sasa tuhesabu mzigo uliojitwika. Kurani, kwa hesabu iliyo mashuhuri, ina aya 6,236. Makarii watano, aya mbalimbali, ni mafaili 31,180. Tukikisia kuwa kila faili lahitaji safari tatu za mkono ili jina, karii na sura yake vijulikane, hizo ni safari 93,540, na kwa safari 60 kila sekunde ni dakika 26. Nawe umetuambia "nusu saa hivi." Lau ungekuwa na faili moja kwa kila sura, makarii watano wangekuwa na mafaili 570, na kazi ile ile ingemalizika katika nusu dakika.

Tena liko jambo la pili katika mafaili ya aya. Kichezeshi cha sauti huweka akiba mbele yake, kama tuwekavyo maji katika simtanki ili bomba likikauka tuendelee kuteka. Faili la sura ndefu likifunguliwa, akiba hujaa mapema. Lakini faili la aya fupi huisha katika sekunde chache, na kila aya ni faili jipya la kuombwa, kufunguliwa na kungojewa. Simtanki haipati kujaa. Marehemu Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye kisomo chake kamili cha murattal kilisikika redioni mwaka 1961, hakusoma ili tumsikilize vipande 6,236. Mafaili ya aya mbalimbali yawafaa wanaohifadhi, ambao hurudia aya moja mara ishirini. Mwenye kusikiliza yamfaa sura nzima.

Tatu, tazama picha. Wengi hupachika picha ya msahafu au ya msikiti ndani ya kila faili. Picha moja ya kilobaiti 200, ikirudiwa katika mafaili 6,236, hufikia gigabaiti 1.2 na zaidi kwa karii mmoja, na programu yaweza kuzifungua zote ili kutengeneza picha ndogo za kuonyesha. Katika aya fupi picha huwa nzito kuliko sauti yenyewe. Iondoe, uweke picha moja tu katika folda ya kila karii.

La kufanya basi ni hili, kwa mpango huu:

Kwanza, rekebisha saa na eneo kama tulivyoeleza.

Pili, uondoe upekuzi wa kila siku. Kurani ina sura 114, wala hazitaongezeka kesho. Maktaba isiyobadilika yapekuliwa kila alfajiri kwa sababu gani? Upekue siku ile tu ulipoongeza kaswida au mawaidha mapya, wakati ambao hakuna asikilizaye.

Tatu, upekuapo, chagua kutafuta yaliyo mapya na yaliyobadilika, wala si kufuta yote na kuanza upya. Katika Lyrion, ambayo kabla ya mwaka 2024 iliitwa Logitech Media Server, mambo haya mawili ni machaguo mbalimbali, na watu wengi hubonyeza la kufuta yote kwa kudhani kuwa ndilo lililo bora. Wenye kutumia Jellyfin watazame orodha ya kazi zilizopangiwa wakati, kwani upekuzi wake, usipobadilishwa, hurudi kila baada ya saa 12. Wenye Navidrome wana mahali pa kuzuia upekuzi wa kila programu inapowaka, na hilo lafaa sana penye umeme wa kukatika, kwani kila umeme ukirudi programu huwaka upya na kuanza kupekua.

Nne, weka folda ya Kurani ya sura nzima katika maktaba, na yale mafaili ya aya uyahamishie nje ya maktaba, pahali ambapo wanaohifadhi watayafuata wenyewe.

Tano, katika mipangilio ya utendaji ya Lyrion pana mahali pa kushusha daraja la mpekuzi, ili seva itangulizwe. Fanya hivyo, ila ujue kuwa daraja hilo hugawa zamu za prosesa zaidi kuliko zamu za mkono wa diski. Ni msaada, si dawa kamili.

Ukiyafanya hayo manne ya kwanza, twatumai hutahitaji kununua kitu. Ikiwa baadaye utapata uwezo, nunua diski isiyo na sahani, ambayo mafundi huiita SSD, kwani hiyo haina mkono wa kungoja. Na ujue kuwa katika Raspberry Pi 3 waya wa mtandao na waya wa diski hupita ndani kwa njia moja ya USB, zikabanana. Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, imezitenganisha njia hizo.

SWALI LA PILI

"Mimi ni baba wa nyumba, Njombe mjini. Tuna kompyuta ya namna hiyo hiyo kwa muda wa miaka minne, na diski yake ni ile ya mwanzo. Humo tumehamishia kaseti za darsa za marehemu baba yangu, alizowasomesha watu wa mtaa wetu kwa miaka mingi. Kaseti zenyewe zimeota ukungu kwa baridi na unyevu wa huku kwetu, hazisikiki tena. Tangu umeme ulipokatika na kurudi mara kadhaa kwa siku moja, sauti hukatika saa yoyote. Programu yasema inapekua, asubuhi hadi jioni, wala haimalizi. Mara nyingine maktaba yote hutoweka, kisha hurudi. Na katika diski twasikia mlio mdogo wa kugonga. Kijana wetu ataka kubonyeza palipoandikwa kufuta maktaba yote na kupekua upya. Je, tumruhusu?"

JIBU

La, ndugu yetu, asibonyeze. Na ikiwa gazeti hili limekufikia kabla hajabonyeza, twamshukuru Mwenyezi Mungu.

Tueleze vizuri, ili kijana asidhani kuwa twamkataza bila hoja. Kule kufuta hakufuti darsa za baba yako. Hufuta daftari la programu tu, yaani hifadhidata yake, ambamo imeandika majina ya mafaili na mahali yalipo. Kwa diski nzima kuna faida. Lakini kwa diski iliyo mgonjwa, kupekua upya ni kumwamrisha mgonjwa akimbie mpaka kila chumba cha nyumba. Diski ambayo ingeweza kutoa darsa zote katika saa moja ya mwisho ya uhai wake, itaitumia saa hiyo kusoma majina ya kaswida.

Upekuzi usiokwisha, maktaba kutoweka na kurudi, na mlio wa kugonga: hizi ni alama tatu, na ziko sababu mbili ziwezazo kuzileta. Moja ni umeme usiotosha, nyingine ni diski inayokufa. Tangu mwaka 2018 njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220 yaunga Makambako na Songea, lakini kuwapo umeme na kutulia umeme ni mambo mawili. Na hata umeme wa ukutani ukiwa mzima, chaja dhaifu huharibu kazi. Raspberry Pi 3 yataka chaja ya volti 5 na ampea 2.5. Volti zikishuka chini ya 4.63 yenyewe hutoa onyo, na kwenye kioo huonekana alama ndogo ya radi. Wakati wa upekuzi prosesa na diski hudai umeme kwa pamoja; chaja ikishindwa, diski huzimika mara moja na kuwaka tena. Programu ikitazama haioni mafaili, huyaondoa katika daftari. Diski ikirudi, huyaona kama wageni, ikaanza kuyapekua yote upya, na mzigo huo ukaizima diski tena. Ndiyo maana haimalizi.

Twawasihi mfuate mpango huu, wala msitangulize la nyuma mbele.

Kwanza, simamisheni programu, kisha mzime kompyuta kwa amri yake ya kuzima, si kwa kung'oa waya.

Pili, iungeni diski na kompyuta nyingine iliyo imara, au mpeni chaja iliyo sahihi pamoja na kigawio cha USB chenye umeme wake mwenyewe. Mlio wa kugonga waweza kukoma hapo hapo, kwa maana diski iliyokosa umeme hugonga vilevile.

Tatu, nakilini darsa za marehemu kabla ya kitu kingine chochote. Msinakili diski nzima, msiguse kaswida, msifungue sauti ili kusikiliza. Folda hiyo moja kwanza. Saa moja ya sauti kwa kiasi cha kilobiti 128 ni megabaiti 57.6, na saa 100 za darsa ni gigabaiti 5.76, zienezazo katika flashi moja ya gigabaiti 8. Fanyeni nakala mbili, na moja ikae nyumba nyingine, kwa ndugu au kwa jirani, maana moto na mwizi hawaachi nakala mbili zilizo katika kabati moja.

Nne, ikiwa diski yaendelea kugonga hata baada ya kupewa umeme wa kutosha, izimeni na msijaribu tena na tena. Kila jaribio lapunguza kilichobaki. Mpelekeeni fundi ajuaye kuokoa diski, mkamwambie tangu mwanzo ni folda ipi iliyo muhimu.

Tano, nakala zikisha kupatikana, ipimeni diski. Diski huweka yenyewe kumbukumbu ya afya yake, iitwayo SMART, nayo husomwa kwa programu ya smartctl. Mtazame idadi ya vipande vilivyohamishwa na vinavyongoja kuhamishwa. Idadi hiyo ikiongezeka juma kwa juma, diski hiyo haifai tena kuaminiwa. Ikiwa nzima, na kosa lilikuwa la chaja, hapo sasa kijana na abonyeze atakacho, hata kufuta maktaba yote na kupekua upya, kwani hifadhidata iliyokatiwa umeme katikati ya kuandikwa huenda imeharibika, na kuijenga upya ndiyo dawa yake.

NENO LA JUMLA

Ndugu wasomaji, barua hizi mbili zimelalamikia jambo moja: kisomo kukatika huku programu ikipekua. Lakini ya Makambako ilikuwa ni saa iliyowekwa vibaya na mafaili mengi kupita kiasi, na ya Njombe yaweza kuwa ni mauti ya diski. Alama za kuyapambanua ni rahisi. Kukatika kwa saa ile ile kila siku, na kukoma kwa wakati wake, ni jambo la mpango. Litafuteni katika mipangilio. Kukatika ovyo, upekuzi usiokwisha, maktaba kutoweka, au mlio wowote mpya, ni jambo la chombo chenyewe. Nakilini kwanza, tengenezeni baadaye.

Na kwa wazazi twasema neno moja. Kijana wa Makambako alikuwa karibu kuambiwa kuwa chombo chake hakina adabu, naye alikifunga kwa ajili ya bibi yake asiyeweza tena kusoma. Kijana wa Njombe alikuwa karibu kuipoteza sauti ya babu yake, naye alitaka kuisaidia nyumba. Vijana hawa hawana ubaya. Wanalohitaji ni mtu mzima wa kuketi nao na kuwauliza: imekatika saa ngapi, na umejaribu nini? Maswali hayo mawili hayahitaji elimu ya kompyuta.

Kwa vijana twasema: sauti ya mzee aliyefariki, iliyobaki katika diski moja, ni amana. Leo hii, kabla ya sala ya Isha, hesabuni nyumbani kwenu ni sauti ngapi ambazo hazina nakala ya pili. Mkizipata, mwajua la kufanya.

Mwenye swali na alete. Wabillahi tawfiq.